Safari ya Siku Moja Kilwa Kisiwani: Magofu Saa Nne, Kijiji Dakika Arobaini

Mwezi wa Agosti tulikwenda Kilwa Kisiwani watu wanne kwa safari ya kuongozwa ya siku moja: mimi, mke wangu, mdogo wake anayesomea ujenzi, na shangazi yangu, ambaye ametimiza miaka 68 na ambaye magoti yake hayampi tena ruhusa ya kupanda ngazi ndefu. Waandaaji, ambao sitawataja kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia hapa hayafanywi na wao peke yao, walitutoza Sh 70,000 kila mmoja, na bei hiyo ilijumuisha kibali cha kuingia kwenye magofu, boti ya kwenda na kurudi, mwongoza watalii, maji ya kunywa na chakula cha mchana kijijini. Ratiba waliyotutumia kwa simu ilikuwa na mistari sita. Mitano ilihusu magofu, na wa sita ulisema tu, "Kutembelea kijiji cha asili na kula chakula cha mchana." Niseme mapema kwamba safari hii naipendekeza, na ningekwenda tena mwaka huu huu kama ningepata nafasi. Ugomvi wangu ni na mpangilio wake, na ndio ulionifanya niandike.

Kwa asiyefika huko, Kilwa ziko tatu: Kilwa Masoko iliyo makao ya wilaya, Kilwa Kivinje iliyo kaskazini yake, na Kilwa Kisiwani, kisiwa kinachoonekana kwa macho matupu ukiwa umesimama gatini Masoko. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya kusini. Unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unafika Nangurukuru, kisha unaiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kuelekea baharini. Magofu ya Kisiwani, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Anayefikiri kwamba atakuta mawe yaliyotupwa porini atashangaa, kwa kuwa njia zimefyekwa, kuta zilizokuwa zikiegemea zimeshikizwa, na vibao vya maelezo vipo, ingawa baadhi vimefifia kwa jua.

Tuliambiwa tuwe gatini saa moja kamili asubuhi, nasi tukawapo. Boti iliondoka saa tatu. Kibali, ambacho waandaaji walikuwa wametuhakikishia kuwa kimeshashughulikiwa, kumbe kilikuwa bado hakijaombwa, na kijana aliyetumwa kukifuata alilazimika kusubiri ofisi ifunguliwe kama mtu mwingine yeyote. Katika safari ya mbuga za wanyama saa mbili za kuchelewa ni kero tu, lakini katika safari ya kisiwa zinabadilisha siku nzima. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, maji yalikuwa yamejaa alfajiri na yalikuwa yakikimbia kupwa, na nahodha, mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya muda wote akizungusha kamba mkononi, alituambia bila ya hasira kwamba pale tulipopanga kuteremkia sasa pangekuwa tope na mawe. Ratiba ilisema tuanzie Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, kwa kushuka na boti chini ya jabali, tuyatazame majumba yake asubuhi kungali na ubaridi, kisha turudi taratibu upande wa kijijini. Badala yake tulishukia karibu na Gereza, ngome ya kale ya ufukweni, tukivuka maji ya magotini, viatu mkononi, shangazi akiwa ameshikwa huku na huku na mabaharia wawili waliokuwa wakimwita "mama" kwa upole ambao ulinipunguzia hasira.

Gereza ndilo linalomlaki mgeni, nalo ni zuri kwa kuanzia kwa sababu halihitaji maelezo mengi ili lieleweke. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, walipoiteka Kilwa, nao wakaondoka mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo, lenye ua wa mraba na minara ya pembeni, ni la Waarabu wa Omani wa zama za baadaye sana, waliotumia sehemu ya kuta za Kireno. Mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, alieleza vizuri jinsi bahari ilivyokuwa ikiula msingi wa upande wa ufukweni na jinsi kukatwa kwa mikoko kulivyoongeza kasi ya mmomonyoko huo. Tulipofika penye mikoko michanga iliyopandwa upya, hakupita tu, alisimama akatuonyesha. Jambo ambalo hakulisema, nami naliongeza kwa kuwa linafurahisha, ni kwamba neno lenyewe "gereza" linasemwa kuwa tuliliokota kwa Wareno, na kwamba kwao lilimaanisha kanisa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Msikiti Mkuu, na hapa sina lawama hata moja. Tulikaa karibu saa nzima na ingekuwa hiari yangu tungekaa mbili. Sehemu ya kale zaidi ni ile ya kaskazini, upande wa kibla, ambayo msingi wake ni wa karne ya 11 au ya 12. Paa lake halipo tena, na mihrabu imebaki ikitazama mbingu. Upande wa kusini ndiko kwenye upanuzi mkubwa wa karne ya 14, wa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukiwa na kuba na matao yanayopokezana safu kwa safu mpaka jicho linapotea. Shemeji yangu alisahau kabisa kwamba amekuja kutembea. Alijipenyeza baina ya nguzo, akapiga magoti, akatazama jinsi tao linavyokaa juu ya nguzo yenye pembe nane, akarudi akatueleza kwamba nguzo za awali za upanuzi ule zilikuwa za matumbawe ya kipande kimoja, na kwamba hizi za sasa zilijengwa baadaye, katika karne ya 15, baada ya jengo kuanguka. Mwongozaji alithibitisha, kisha akatupeleka kwenye pembe ya kusini mashariki, kwenye chumba kilichokuwa na kuba kubwa, ambalo kwa karne nyingi halikupata mwenzake katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Alitufundisha pia kutofautisha mawe. Kuta nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kuchimbwa ardhini, magumu na yenye matundu, yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Lakini mapambo, vizingiti na mihrabu vimechongwa katika matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi, ambayo huwa laini kiasi cha kuchongeka kama mbao, kisha hukakamaa yakipigwa na hewa. Alituwekea kidole juu ya ukingo mmoja wa mihrabu, na kweli, mistari midogo ya matumbawe ilionekana ndani ya nakshi ya binadamu, kama nyuzi ndani ya kitambaa. Nimeshapita kwenye magofu mengine ya pwani yetu na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo kwa karibu namna hiyo.

Msikiti Mdogo wa Kuba, ulio hatua chache kutoka hapo, ndio uliohifadhika kuliko majengo yote ya kisiwani, na kwa macho yangu ndio mzuri zaidi, kwa kuwa unaweza kuingia ukasimama chini ya paa lililo zima. Ni wa karne ya 15. Ukiinua uso utaona mahali palipopachikwa mabakuli ya kigeni yenye mng'aro, yaliyokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, na mengi yameng'olewa, yakabaki mashimo ya duara kama macho yaliyofumba. Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18 lililozungushiwa ukuta karibu na mikoko, tulilipita kwa haraka mno kwa sababu ya zile saa mbili zilizopotea, kwa hiyo sitalizungumzia.

Humo njiani mwongozaji alitusimulia kisa ambacho kila mtoto wa Kilwa anakijua, cha Ali bin al-Hasan aliyetoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo: mwenye kisiwa alitaka nguo za kutosha kukizunguka chote, mgeni akazitandaza, na kisiwa kikawa chake. Alikisimulia vizuri, kwa vituo na kwa mikono, na hata shangazi alicheka mahali pa kuchekea. Kasoro ni kwamba baada ya hapo historia yote ikawa ya waliokuja. Washirazi walijenga, Waarabu walijenga, Wareno walibomoa, Waomani walirudi. Watu waliokuwa wakiishi hapo kabla ya nguo hizo kutandazwa hawakuonekana tena katika maelezo, ilhali wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta kisiwani hapo makazi ya tangu karne ya 9 hivi, ya watu waliovua samaki, waliofua chuma, waliotengeneza shanga za kombe na walioishi katika nyumba za miti na udongo kwa vizazi kadhaa kabla ya jiwe la kwanza kupangwa juu ya jiwe. Mji wa mawe haukushuka kutoka jahazini ukiwa tayari, bali ulikua polepole kutoka katika kijiji.

Kosa hilo lilijitokeza wazi zaidi mwongozaji alipofika kwenye habari za Ibn Battuta, msafiri wa kale kutoka Morocco. Msafiri huyo alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa ukarimu wake Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Hayo mwongozaji aliyasema sawa. Lakini aliongeza kwamba msafiri alishangazwa na majumba ya mawe, na hapo sikuweza kunyamaza, kwa sababu maelezo ya Ibn Battuta yaliyotufikia yanasema kinyume: mji aliousifu ulikuwa wa mbao, na mapaa yake yalikuwa ya majani. Kijana hakukasirika, alisema hilo hakufundishwa, akaniuliza limeandikwa wapi, akaliandika katika simu yake. Namsifu kwa hilo. Ila fikiria maana yake kwa mgeni aliyelipa kuona "magofu na kijiji": uzuri aliousifia yule mgeni wa karne ya 14 unafanana zaidi na nyumba za makuti zilizo pale pale nyuma ya msikiti kuliko na kuta tunazozipiga picha.

Tuliondoka kwenda Husuni Kubwa saa sita kasorobo, wakati mbaya kuliko wakati wowote, kwa miguu, kwa kuwa boti haikuweza tena kusogea. Njia ni ya mchanga, inapita minazi na miembe, kisha inatokea kwenye vichaka na mibuyu ambako hakuna kivuli cha kutosha hata cha mbuzi. Shangazi alikwenda hatua mia mbili, akasimama, akasema yeye atawangojea wenye nguvu. Mwongozaji akamrudisha kijijini, akamkabidhi kwa kina mama waliokuwa wakisuka barazani, akatufuata mbio. Nilisikitika wakati ule, nikidhani amekosa sehemu bora ya safari.

Husuni Kubwa yenyewe inastahili jua lote hilo, lakini si kwa mwendo wa haraka. Ni jumba la al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja, lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, na dalili zote zinaonyesha kwamba halikukamilika kujengwa. Upande wa kusini kuna ua mpana unaodhaniwa kuwa ulikuwa wa shughuli za biashara. Upande wa kaskazini ndiko kulikokuwa na makazi, ngazi ziteremkazo kuelekea majini, na lile birika la kuogelea lenye pembe nane ambalo kila mgeni hulikimbilia kwanza. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini mtu alichagua mahali hapo: jahazi lolote linaloingia bandarini lingeonekana kabla halijakunja tanga. Dhahabu ya bara, iliyopitia bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, ndiyo iliyolipia yote hayo. Sarafu ndogo za shaba zilizopigwa Kilwa zilisafiri mbali sana. Moja imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ambako hadi leo watu wanabishana zilifikaje. Katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini Lisbon kuna chombo cha kanisa cha dhahabu, kilichokamilishwa mwaka 1506, ambacho dhahabu yake ni kodi iliyotozwa Sultani wa Kilwa na Vasco da Gama. Hayo ya mwisho mwongozaji hakuyagusa, na nadhani yangemfaa mgeni anayesimama kwenye ukumbi mtupu akijiuliza mali yote ile ilikwenda wapi.

Tulikaa Husuni Kubwa dakika thelathini na tano. Husuni Ndogo tuliitazama kwa mbali, tukageuza.

Tulipofika kijijini, saa nane ikikaribia, tukiwa tumekauka koo, tulimkuta shangazi amekaa juu ya mkeka, amevua viatu, mguu umenyooshwa juu ya mto, mkononi ana ukili mrefu kiasi cha mkono mmoja alioanza kuusuka yeye mwenyewe. Pembeni yake alikuwapo bibi mmoja mkubwa zaidi yake, na kina mama watatu wa makamo waliokuwa wakimcheka kwa sababu alikuwa anaruka jani moja katika kila mzunguko.

"Shikamoo bibi," nilimsalimu mwenyeji.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mawe mmeshayamaliza?"

Nikamwambia tumeyamaliza kwa mbio. Akasema, "Ndivyo wanavyokuja wote," akarudi kwenye ukindu wake.

Katika saa mbili ambazo sisi tulikuwa juani, shangazi alikuwa amejifunza mambo ambayo hayakuwamo katika mstari wowote wa ratiba. Alijua ukindu unavyokatwa, unavyoanikwa, unavyochemshwa na rangi kwenye sufuria moja moja ili rangi zisiingiliane, unavyosukwa kuwa ukili mwembamba usiokwisha, na kwamba mkeka haufumwi mzima mzima bali ukili huo hushonwa duru kwa duru mpaka upana utimie. Aliambiwa ni visima vipi vyenye maji matamu na vipi vyenye chumvi, na mvua zikichelewa hali inakuwaje. Alikuwa ameelezwa pia jinsi wazee walivyokuwa wakichoma chokaa: magogo yanapangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yanalundikwa juu yake, moto unawashwa na kuachwa ule wenyewe, kisha majivu meupe yanamwagiwa maji na kulazwa. Shemeji yangu aliyekuwa amekesha juu ya vitabu akisoma habari za chokaa ya kale alikaa chini mara moja akaanza kuuliza maswali: kuni za mti gani, moto siku ngapi, chokaa inalazwa muda gani kabla ya kutumika. Bibi alimjibu yote bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Kumbe asubuhi yote tulikuwa tumeshika kuta, na mtu anayejua zinavyoshikana alikuwa amekaa barazani tukampita kwa salamu ya njiani.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ratiba imepinduliwa. Kijiji cha Kilwa Kisiwani kimeishi pamoja na magofu haya. Nyumba zake za udongo na makuti, nyingine sasa za mabati, zimesimama katikati yake, na ukitembea baina ya nyumba mbili unaweza kukanyaga kigae cha chombo cha kichina bila kukusudia. Mgeni akianzia hapo, akaona boriti za mikoko zinavyobeba paa, akaona fundi anavyokandika ukuta, akaona dema linavyosukwa na ngalawa inavyochongwa, akasikia Kiswahili cha huko, Kimgao, ambacho kwa sikio la mtu wa Dar es Salaam kina ladha yake, basi anapoingia Msikiti Mkuu anaingia na macho mengine. Vipimo vya vyumba vya majumba ya kale, vilivyo vyembamba na virefu, havimshangazi tena, kwa maana ameshaona kwamba urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Akianzia kwenye magofu, kijiji kinakuwa mahali pa kula na kuaga.

Na chakula, kwa kweli, kilikuwa kizuri kuliko kile tulichokula katika hoteli ya Masoko kwa bei ya juu. Wali wa nazi ulioiva punje kwa punje, mchuzi wa pweza mzito wa tui, changu wa kuchoma aliyepakwa chumvi na ndimu tu, kachumbari yenye pilipili iliyokatwa mbali ili kila mtu ajitilie mwenyewe, na madafu. Kina mama wapishi walitunawisha mikono kwa birika, mmoja mmoja, kuanzia kwa shangazi. Pweza alikuwa laini kabisa, na nilipouliza siri yake niliambiwa hakuna siri, amepigwa vya kutosha. Niliuliza pia, pembeni, kama malipo ya chakula yanawafikia, nikajibiwa kwamba kwa upande wa chakula ndiyo, hulipwa siku hiyo hiyo mkononi. Kwa kusuka na kuwaonyesha wageni kazi zao hawalipwi kitu, isipokuwa mgeni anunue mkeka. Hiyo ni dosari ambayo waandaaji wanaweza kuirekebisha kesho asubuhi bila ya mkutano. Kama kijiji kimo katika tangazo, na kinaongeza bei ya safari, basi muda wa wanakijiji nao una bei.

Dakika arobaini baada ya kukaa tuliambiwa twende. Maji yalikuwa yameanza kujaa na boti inasubiri. Shangazi ndiye aliyechelewesha kuondoka, kwa kuwa alikuwa bado anapatana bei ya mkeka, na sikumharakisha.

Kuna jambo jingine la maudhui ambalo siwezi kuliacha. Mwongozaji wetu, kama waongozaji wengi wa pwani, aliipita biashara ya watumwa kwa sentensi moja na kuielekeza yote Kilwa Kivinje, kana kwamba Kisiwani ilikuwa ya dhahabu peke yake. Sivyo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na mkataba huo ulifanyika hapo hapo kisiwani. Sisemi kila mgeni afundishwe kwa kuhuzunishwa, na najua wakati mwingine waongozaji huogopa kumharibia mtu mapumziko yake. Lakini tulikuwa watu wazima wanne, Watanzania, kwenye ardhi yetu, na tungeweza kulibeba. Ukimwuliza, anajua, kwa hiyo mwulizeni.

Kwa watakaokwenda, haya nayasema kwa faida yao. Vaeni viatu mnavyoweza kuvivua na kuvivaa haraka, kwa sababu kushuka botini ni majini karibu kila wakati maji yakiwa yamepwa. Kofia na maji ya ziada ni lazima. Kisiwa ni cha Waislamu na misikiti ile, ingawa ni magofu, ni misikiti, na makaburi yaliyo jirani nayo ni ya watu; kanga ya kujitanda na suruali iliyovuka magoti hazimwelemei mtu, nasi tuliwaona vijana wa kundi jingine wakipita katikati ya makaburi kifua wazi huku mwongozaji wao akitazama simu. Watoto wanaweza kuwaonyesha vigae na ushanga waliouokota: vitazameni, msivinunue na msivichukue, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo na kila kipande kinachotoka ni ukurasa unaochanwa. Msimu mzuri ni kati ya Juni na Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei huharibu njia na bahari huwa haitabiriki. Wapo wanaouza safari ya Kisiwani na Songo Mnara kwa siku moja, nami nawashauri mwikatae, kwa sababu kama Kisiwani peke yake imetushinda kuimaliza, kuongeza kisiwa cha pili ni kulipia boti tu. Na aliye na mzee au mwenye shida ya miguu asimwache hotelini. Amlete, amtafutie baraza kijijini, amwulize jioni ameona nini.

Kuhusu kibali, ombeni mwonyeshwe stakabadhi yake jioni ya siku ya kabla, na mwulizeni nahodha, si mwandaaji, maji yatajaa na kupwa saa ngapi. Ikiwa ni siku za bamvua, muwe majini kabla ya saa moja na nusu, au mtakwenda Husuni Kubwa kwa miguu kama sisi. Siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, hamtakuwa na tatizo hilo.

Jioni, tukiwa tumerudi Masoko na mkeka wa shangazi umefungwa kwa kamba ya katani juu ya begi, nilimweleza mwandaaji haya yote kwa utaratibu. Kuhusu kuchelewa aliomba radhi na akarudisha Sh 10,000 kwa kila mmoja, jambo ambalo sikulitarajia. Kuhusu kuanzia kijijini alifikiri kidogo, akasema wageni wengi huja kwa ajili ya magofu na huogopa kwamba muda utakwisha, lakini kwa kundi litakaloomba hivyo yeye hana pingamizi. Anachotaka ni kuambiwa siku mbili kabla, ili kina mama wajue wachemshe chai ya asubuhi au waweke wali wa mchana, na nahodha ajue boti aiegeshe upande gani.